Kimbunga cha Mafia, Mvua ya Kyumbi

Mei 3, 2024, Rais William Ruto alitangaza kwamba shule hazingefunguliwa Jumatatu iliyofuata, hadi itakapoamriwa vingine. Mito ilikuwa imevunja kingo sehemu nyingi za Kenya, na baharini kimbunga Hidaya kilikuwa kikiikaribia pwani ya Tanzania. Kesho yake kikatua kisiwani Mafia. Hivyo watoto wa Kyumbi, pale barabara ya mjini Machakos inapoachana na ile ya Mombasa, walibaki nyumbani wakati kimbunga kinapiga kisiwa kilicho mamia ya kilomita kutoka kwao. Wazazi wengi walitaka kujua kama nacho kingepanda mpaka huku.

Kisingeweza. Kimbunga hulishwa na bahari yenye joto la nyuzi 26 na ushei, na huzungushwa na msukumo unaotokana na dunia yenyewe kuzunguka. Msukumo huo hufifia kadiri unavyosogea ikweta, na ndani ya nyuzi tano za latitudo huwa hafifu mno. Mafia iko karibu nyuzi nane kusini. Machakos ni moja na nusu tu. Isitoshe, kikishapanda nchi kavu kimbunga hukosa maji ya moto ya kukilisha. Hidaya chenyewe kilipungua nguvu muda mfupi baada ya kutua.

Wenzetu wa visiwani wana sababu za zamani za kukihofia. Aprili 15, 1872 kimbunga kiliivamia Unguja, kikang'oa mikarafuu na minazi na kuharibu merikebu za Sultani Barghash. Mikarafuu ya Pemba ilinusurika zaidi, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyoongoza kwa zao hilo. Mwaka 2024 tahadhari ilitangulia upepo: Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa taarifa mapema, na boti za kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa. Kisiwani tahadhari haihitaji mfasiri. Bahari imefungwa, chombo kivutwe pwani, basi.

Huku bara kazi ni ngumu zaidi. Kimbunga cha mbali kinaweza kutunyeshea au kutunyima mvua, kutegemea kilipo. Machi 2019, Idai kilipokuwa kikiitesa Msumbiji, kilivuta unyevu kuelekea kusini na masika yetu yakachelewa. Wakulima waliokwisha kupanda walitazama mbegu zikikauka ardhini. Mwaka mmoja kabla, Machi 2018, vimbunga Dumazile na Eliakim vilipita upande wa Madagaska, upepo wa magharibi ukaleta unyevu wa Kongo, na Kenya ikapata mvua kubwa. Ndiyo maana nawasihi wasomaji wasipime hatari yao kwa jina la kimbunga. Waipime kwa mvua yenyewe na kwa ardhi itakayoipokea.

Chukua tahadhari ya kawaida ya Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ya Kenya: mvua ya zaidi ya milimita 20 ndani ya saa 24, kaunti hizi na hizi. Milimita 20 yasikika kama kitu kidogo. Lakini milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Paa la mabati la mita za mraba 100 litamwaga lita 2,000, yaani madramu kumi. Ekari moja itapokea lita 80,000 hivi. Swali la mtu wa Kyumbi ni moja: maji hayo yataenda wapi?

Jibu liko kwenye udongo. Nyanda za kuanzia Athi River kuelekea Konza zina udongo mweusi unaopasuka kiangazi mpaka mkono uingie. Mvua za kwanza huzama ndani ya nyufa hizo na mtu akadhani ardhi bado ina kiu. Kisha udongo huvimba, nyufa hujifunga, na kuanzia hapo karibu kila tone hubaki juu na kutafuta mteremko. Kwa hiyo milimita 20 za wiki ya kwanza na milimita 20 za wiki ya nne si mvua moja, ingawa tangazo linazitaja kwa maneno yaleyale. Milimani, kama Iveti na Mua, matuta ya fanya juu yaliyochimbwa na wazee wa Ukambani huyashika maji yakazama shambani. Yasipotunzwa, mzigo wote huteremka kwa walio chini.

Kisha kuna mito ya mchanga. Miezi mingi ni njia ya ng'ombe na mahali pa kuchimba kisima kifupi. Mvua ikinyesha juu, maji hufika chini kwa ghafla, pengine mahali ambapo hakuna hata wingu. Desemba 4, 2021, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka mto Enziu, kaunti ya Kitui, maji yakipita juu ya daraja. Zaidi ya watu 30 walikufa. Maji ya kahawia hayaonyeshi kama barabara iliyo chini yake bado ipo, na yenye kina cha magotini tu, yakiwa kasi, huinua gari dogo.

Tahadhari pia hutaja uwezekano, kwa mfano asilimia 33 hadi 66. Maana yake ni kwamba katika matangazo kumi ya aina hiyo, matatu hadi sita au saba hutimia. Asiyenyeshewa leo hakudanganywa, na nina wasiwasi mkubwa na yule anayeacha kusikiliza baada ya siku mbili za jua.

Lakini nasi wataalamu tunadaiwa. Tangazo linaloishia kwenye jina la kaunti ni pana mno. Mavoko, Kyumbi na Masinga ziko kaunti moja, zenye udongo na mito tofauti. Ningependa tahadhari zitolewe kwa Kikamba redioni zikitaja vivuko kwa majina, na kila kivuko kiwe na nguzo iliyopigwa rangi nyekundu pale ambapo maji yakifika hakuna anayevuka. Chifu wa juu mtoni akiona maji yamegusa nyekundu, ampigie mwenzake wa chini, naye awaarifu madereva walioko Kyumbi kabla hawajakata kona.