Siri ya Mgonjwa na Sheria (2): Pale Tabibu Anapolazimika Kusema

Juma lililopita tuliona kwa nini sheria huilinda siri ya anayetibiwa akili: asiyeamini kuwa yake yatafichwa hatayasema, na asiyesema hatibiki. Leo tuutazame mpaka wa ulinzi huo. Kesi iliyouweka ni ya California, Marekani.

Mwaka 1969, Prosenjit Poddar, mwanafunzi kutoka India aliyekuwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alimwambia mtaalamu wa saikolojia, Dkt. Lawrence Moore, kwamba angemuua msichana mmoja. Hakumtaja, lakini ilikuwa rahisi kumjua: Tatiana Tarasoff, aliyekuwa Brazil wakati huo. Moore hakunyamaza, na jambo hili wengi hulisahau. Aliwaandikia polisi wa chuo akitaka Poddar alazwe. Polisi wakamshika, wakamwona ana akili timamu, wakamwachia alipoahidi kutomsogelea binti yule. Mkuu wa Moore akaagiza barua ile irudishwe na maandishi ya matibabu yaharibiwe. Tatiana akarejea. Tarehe 27 Oktoba, Poddar akamuua.

Siri, basi, ilikwisha kutoka. Iliwafikia polisi na wakubwa wa kazi. Haikumfikia aliyekuwa hatarini, wala wazazi wake. Ndio walioshtaki.

Mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya California ilisema tabibu ana wajibu wa kuonya. Ikasikiliza tena, na mwaka 1976 ikasema wajibu ni kuchukua hatua za busara kumlinda anayetishiwa. Kumwonya ni njia mojawapo. Kuwaarifu polisi ni nyingine. Jaji Mathew Tobriner aliandika kuwa kinga ya siri hukoma pale hatari kwa wengine inapoanza. Jaji William Clark alipinga: wagonjwa wakiogopa kusema watakosa tiba, na watakaodhuriwa wataongezeka. Hofu yake ni ya kweli. Lakini nashindwa kuona ingewafaa nini wazazi wa Tatiana, ambao neno moja tu lingewatosha kumficha mtoto wao.

Sheria ya mwaka 1985 iliubana mpaka huo: tabibu hawajibiki mahakamani kwa kushindwa kulinda isipokuwa mgonjwa amemweleza tishio zito la kumdhuru mtu anayetambulika. Hasira tupu haitoshi.

Mtoto anayeteswa ana sheria yake, nayo haingoji tishio. Shaka yenye msingi tu humlazimu tabibu kuripoti. Hiyo tutaichambua juma lijalo.