Shombo, Ndimu na Barafu

Mpishi wa pwani akiletewa changu, mkono wake wa kwanza huenda kwenye ndimu. Huikamulia tumboni na kwenye michanjo ya ubavuni, hupaka chumvi na kitunguu saumu kilichopondwa, kisha humweka samaki kando huku makaa yakishika. Muulize sababu, atakwambia anakata shombo. Jibu lake ni sahihi, ila kukata shombo na kumfanya samaki awe mzima ni mambo mawili.

Tuanze baharini. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi ya gramu 35 hivi, kiasi kikubwa kuliko kilichomo katika damu ya changu. Maji huvutwa kuelekea penye chumvi nyingi, kwa hiyo changu, ingawa anaishi majini, kila saa anapoteza maji ya mwili wake. Hujitetea kwa kunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kupitia matamvua. Tena nyama yake huhifadhi kemikali isiyo na harufu, trimethilamini oksidi, ambayo husaidia kuukinga mwili na hali hiyo ya chumvi.

Samaki akishakufa, bakteria huigeuza oksidi hiyo kuwa trimethilamini tupu, nayo hupaa hewani kwa urahisi. Hiyo ndiyo sehemu kubwa ya shombo. Sato wa ziwani kwa kawaida huwa na oksidi hiyo kidogo, ndiyo maana harufu yake akichacha si ile ya samaki wa bahari. Papa ana njia yake: huweka urea nyingi mwilini, na akifa urea hugeuka amonia inayochoma pua. Wanaomkausha kwa chumvi na kumfanya ng'onda hawakungoja kemia iwafundishe kwamba papa hasubiri.

Sasa ndimu inafanya nini? Asidi yake hukutana na trimethilamini na kuifunga, isiweze tena kupaa hadi puani. Ukwaju katika mchuzi hufanya vivyo hivyo. Kilichobadilika ni harufu. Saa ambazo samaki amelala bila barafu hazirudi nyuma.

Na saa hizo hutegemea namna alivyovuliwa. Changu wa mshipi hupandishwa chomboni akiwa hai, mmoja mmoja. Wa dema huwa hai ndani ya mtego mpaka unapoinuliwa. Lakini jarife likitegwa jioni na kuvutwa alfajiri, samaki aliyenasa mapema anaweza kuwa maiti kwa saa nyingi katika maji ya vuguvugu. Wote watatu watapangwa kwenye meza moja, na muuzaji ataapa kwamba wote ni wa leo.

Kwa changu, pua na macho hutosha kuwatenganisha: jicho lililotuna na kung'aa, matamvua mekundu, nyama inayorudi ukiibonyeza. Kwa jodari mambo ni mengine. Yeye na ndugu zake, nguru na vibua, wana histidini nyingi katika nyama zao. Samaki akikaa kwenye joto, bakteria huigeuza kuwa histamini, na mlaji anaweza kuwashwa, kuwa mwekundu usoni, kuumwa kichwa na kwenda moyo mbio, mara nyingi kabla saa moja haijapita. Wengi hudhani ni mzio wa samaki.

Hapa ndipo mazoea ya jikoni yanapokwama. Histamini haina harufu ya kumtahadharisha mnunuzi. Ndimu haiigusi. Chemsha, kaanga, oka, itabaki vilevile, kwa sababu moto unaoua bakteria hauivunji kemikali waliyokwisha kuitengeneza. Kinachoizuia ni baridi tu, tena tangu samaki anapotoka majini.

Kwa hiyo sioni sababu ya kuilaumu ndimu; naiona imewekwa mahali pasipofaa katika mpango wa kazi. Inamfaa samaki ambaye tayari amekwisha kuchunguzwa. Samaki anayeuzwa akiwa amepakwa viungo na bizari, tayari kwa kukaanga, mimi humpita, hata awe na bei nzuri kiasi gani. Aliyepakwa amefichwa, hata kama aliyempaka hakukusudia kudanganya.

Nguru mzuri, kwa upande wake, hahitaji mengi. Vipande vyake huiva kwa dakika chache, kwa kuwa nyama ya samaki haina kano nene za kuchemshwa muda mrefu kama za ng'ombe. Anza na tui jepesi, bizari na ukwaju kidogo. Tui zito lije mwisho, moto ukiwa mdogo, ukikoroga lisikatike.

Nikienda mnadani kununua jodari, kwanza naangalia chini ya gunia lililomfunika. Pakiwa na barafu, tunaanza kuzungumza bei.