Banio la Tatu

Sogeeni, wajukuu zangu. Mmesikia watu wazima wakilalamika kwamba siku hizi akili ya kawaida imepotea? Huyu analaumu simu, yule analaumu shule, na wengine wanawalaumu nyinyi. Tufuate mto Katuma, halafu mniambie ni nani hasa aliyekosa akili.

Katuma unashuka kutoka milima ya Mpanda na kuingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Humo unalisha ziwa Katavi na ziwa Chada, kisha maji yake yanashika mto Kavuu hadi Ziwa Rukwa. Zamani ulitiririka mwaka mzima. Sasa kiangazi kikikolea, unakatika vipande vipande.

Tuanze na mkulima wa huko juu. Ana majaruba ya mpunga, mvua imekata mapema, na mbegu aliikopa. Anajaza mchanga kwenye viroba, anavipanga mtoni, maji yanapanda na kuingia mferejini kwake. Ana akili huyo? Anayo, tena ya kutosha! Wa chini yake anaona maji yamepungua, anajenga banio kubwa zaidi akinge hayo yaliyobaki. Naye ana akili. Wa tatu hivyo hivyo. Kila mmoja ukimuuliza, atakujibu vizuri mpaka unyamaze. (Na mchele wenyewe ni mtamu, mimi naula.) Lakini mto haupo.

Nendeni Ikuu, ndani ya hifadhi, mwezi wa kumi. Viboko mamia wamebanana kwenye dimbwi la tope, huyu kamlalia yule, mavi na matope hayatofautiani. Ngozi ya kiboko haivumilii jua, hukauka ikapasuka, ndiyo maana mchana hukaa majini na usiku hutoka kula majani. Pakiwa finyu, madume hupigana kwa meno, na wengine hufa hapo hapo. Mamba wametafuta njia yao: wamejificha kwenye mapango ya kingo za mto, wamelala kimya wakingoja mvua.

Wazee walikuwa na mkwaju kando ya ziwa Katavi. Inaaminika roho ya mwindaji Katabi inakaa pale, na watu hupeleka sadaka kuomba baraka. Jina la hifadhi, na la mkoa uliozaliwa 2012, limetokana naye. Siwaambii mkauabudu mti. Ila mtu anayeomba baraka mahali pamoja na jirani yake, kesho atamfungia maji kwa uso gani?

Siku hizi tuna sheria. Ile ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Ile ya maji ya 2009 inataka kibali, na inaruhusu wakulima waunde jumuiya ya watumia maji, wakae chini, wapangiane zamu. Mimi naiamini jumuiya kuliko faini, maana faini humfuata aliyeonekana tu, na mto ni mrefu.

Haya, wewe ndiye mwenye banio la tatu. Zamu yako iliisha jua lilipozama, mpunga unakaribia kutoa masuke, jaruba la mwisho halijajaa, na jirani wa chini amelala. Utafungua saa ngapi?