Kazi ya Jeshi si Bunduki Tu

Wengi wetu hapa Shinyanga na wenzetu wa Geita, tukimaliza kidato cha nne, huona njia mbili: kuendelea na masomo au kuchimba dhahabu. Ya tatu ni jeshi.

Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Jeshi la Wananchi, tarehe 1 Septemba 1964. Humo wamo wapishi, madereva, waashi, wauguzi na wapiga tarumbeta.

Wengine hudhani mpishi hachunguzwi kwa kuwa hashiki siri. Sivyo. Apikaye huijua idadi ya walaji, na idadi ya askari ni siri. Kwa hiyo kila aombaye, awe mpishi au rubani, hutakiwa awe raia, mwenye afya na tabia njema, asiyepata kuhukumiwa kwa kosa la jinai.

Kijana wa kidato cha nne huomba kujitolea J.K.T. kupitia wilaya yake. Mafunzo hayo si ahadi ya ajira, lakini humpa stadi za kazi.

Basi ndugu zangu, tuchague ufundi tuupendao, wala tusitafute mlango usio na bawabu. Tuitunze mienendo yetu tangu sasa.