Mbayuwayu Wanaondoka: Asubuhi Moja Bondeni Kasulu

Ukimwambia mtu kwamba umeamka saa kumi na moja alfajiri, tena likizo, ili ukaangalie ndege, atakuuliza kama chuo kimekuvuruga akili. Mimi niliulizwa na mama yangu mzazi. Ilikuwa mwezi wa tatu, nipo nyumbani Kasulu, na mdogo wangu wa darasa la sita akaomba twende wote. Mfukoni alikuwa na manati. Sikusema kitu.

Huku kwetu jua linachelewa. Mwezi wa tatu linachomoza karibu saa moja asubuhi, kwa hiyo tulifika bondeni bado giza, ukungu umelala juu ya matete. Kulipopambazuka tukawaona mbayuwayu, mamia, wamejipanga kwenye mabua na nyaya za umeme kama nguo zilizoanikwa.

Ndugu msomaji, vitabu vingi vya Ulaya husema ndege wahamiaji "wanafika" majira ya machipuko. Sisi tuko mwanzo wa safari hiyo. Machipuko yao ni mwishoni mwa mvua zetu, kwa hiyo wakati wao wanapokea, sisi tunaaga. Mbayuwayu wa Ulaya utamtambua kwa koo jekundu la kutu, mgongo wa buluu nyeusi na mkia uliogawanyika kama uma. Pembeni ya maji kulikuwa na ndege wadogo wa tumbo la njano wanaochezesha mkia, nao ni wageni. Juu kabisa walipita keremkerem wa Ulaya, unawasikia kabla hujawaona.

Kupiga picha hakuhitaji kamera ya mamilioni. Nilikuwa na simu ya kawaida na darubini ya kuazima. Unabana lenzi ya simu kwenye tundu la darubini, unaegemeza kiwiko gotini, unabana pumzi. Jua likae mgongoni kwako. Usiwakimbilie, kaa, watakuzoea. Katika picha arobaini nilipata tatu za maana.

Ndipo mdogo wangu akauliza, "Dada, kama chakula kipo hapa, kwa nini wasibaki?"

Nasomea ualimu wa Biolojia na Jiografia, lakini kusema kweli nilikwama. Tuliporudi nyumbani nilimaliza bando kutafuta jibu, na jibu liko kwenye mwanga. Hapa mchana ni kama saa 12 mwaka mzima. Kaskazini, mwezi wa sita, mchana unaweza kuzidi saa 16, na wadudu wanalipuka kwa wingi. Mzazi anapata muda mrefu zaidi wa kulisha makinda. Baridi ikianza wadudu wanapotea, naye anarudi huku. Njia anaijua kwa jua, kwa nyota na kwa nguvu ya sumaku ya dunia. Ndege wa gramu 20 hivi, anasafiri kilomita zinazoweza kufika 10,000.

Safari hiyo inataka mafuta mwilini, na hapo ndipo bonde linapoingia. Kwa ndege, bonde ni kituo cha mafuta. Barabara ya Kasulu kwenda Kibondo inavuka mto Malagarasi, ambao maji yake yanalisha ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi. Hilo ndilo eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa katika Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000, lenye hekta 3,250,000. Lakini vibonde vidogo kama chetu havina kibao. Kila mwaka shamba la mpunga linasogea, na siwezi kumlaumu anayelima. Ada yangu imetoka humo humo.

Mzee mmoja alipita na jembe begani. Tukamwamkia, "Mwakeye!" Akaitika, akatazama nyaya. "Wakijazana hivi, wajukuu zangu, mvua inakaribia kuisha. Maharage yawe yamepandwa." Kalenda yake iko pale juu, haitaki bando.

Nilimsimulia mdogo wangu kwamba zamani wasomi wengine wa Ulaya waliamini mbayuwayu hulala matopeni wakati wa baridi. Mwaka 1822 akapatikana Ujerumani korongo mweupe mwenye mshale wa Kiafrika shingoni, na watu wakaanza kuelewa anakotoka. Ndege huyo amehifadhiwa hadi leo Chuo Kikuu cha Rostock.

"Kwa hiyo hata nikimpiga mmoja hapa," akasema, "kuna watu huko wanamsubiri?"

"Wapo. Wanasubiri kama sisi mwezi wa tisa."

Alinyamaza kitambo. Wiki iliyopita alikuwa ameangusha wawili, nilikuja kuambiwa na mama.

"Wakirudi utakuwepo?"

"Nitakuwa chuo."

"Basi niachie daftari, nitakuhesabia."

Nikamwachia lile la Saikolojia ya Elimu, lilikuwa na kurasa nyingi tupu.