Bustani ya Mboga Nyuma ya Nyumba

Karani apokeaye mshahara mwisho wa mwezi, na mkulima angojaye malipo ya kahawa, wote wawili wajua jinsi fedha za mboga zinavyotoka kidogo kidogo kila siku, hata mfuko ukawa mtupu. Jina la sukuma wiki lilitoka huko huko: mboga ya kulisukuma juma mpaka fedha zifike. Basi ni ajabu kumwona mtu akiinunua sokoni, na huku uwanja wake umeota nyasi tupu.

Aanzaye asilime eneo kubwa. Tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 3 latosha. Upana huo humwezesha kufikia katikati kwa mkono asikanyage udongo. Pawe pahali penye jua, karibu na maji, mbali na miti mikubwa. Na kuku! Bila ua wa fito au miiba, kazi ya mwezi mzima huliwa asubuhi moja.

Samadi iwe imeoza kabisa, nyeusi, isiyo na joto. Samadi mbichi huunguza mizizi, kisha mwenye bustani huilaumu mbegu.

Mchicha hupandwa moja kwa moja tutani, na baada ya majuma 3 au 4 huwa tayari. Kwa hiyo wamfaa sana mgeni wa kazi hii, maana humtia moyo mapema. Sukuma wiki huanzia kitaluni kwa majuma 4 hadi 6. Miche ihamishwe jioni, ikiachana sentimita 45 hivi. Wengi huibananisha kwa tamaa, wakapata majani madogo kama masikio ya mbuzi. Wakati wa kuchuma, chuma ya chini tu, nayo itaendelea kutoa kwa miezi mingi.

Vidukari wakionekana chini ya majani, wanyunyiziwe maji ya sabuni. Nyanya zaweza kungoja: wakati wa mvua na baridi hushikwa na ugonjwa wa kuunguza majani, ule ule wa viazi, wala hazifai kupandwa palipotoka viazi.

Taabu kubwa huja mvua za Machi hadi Mei zikiisha. Maji yaliyooshea mboga yasimwagwe njiani, na tuta litandazwe nyasi kavu ili unyevu usipotee upesi. Kunde huvumilia ukavu kuliko sukuma wiki, na majani yake ni mboga nzuri. Mwenye maji haba aanze nayo.