Sura ya 6: Katharine Hepburn na umri wa mwigizaji

Mto Semliki hutoka Ziwa Edward pale Ishango, jirani na Kyavinyonge, kisha huteremka bondeni hadi Ziwa Albert. Ng'ambo ya ziwa hilo, upande wa Uganda, iko Butiaba. Mwaka 1951 alifika huko Katharine Hepburn, mwigizaji wa Marekani mwenye miaka 44, kuigiza katika filamu ya *The African Queen*. Katika umri huo Hollywood ilizoea kuwaondoa wanawake kwenye nafasi za kwanza. Yeye aliufanya umri huo kuwa mtaji.

Alizaliwa mwaka 1907 mjini Hartford. Baba yake alikuwa daktari. Mama yake alipigania haki ya wanawake kupiga kura. Filamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1932, na muda si mrefu akapata Oscar kwa *Morning Glory*. Kisha filamu zake kadhaa zikakosa watazamaji, na mwaka 1938 wenye majumba ya sinema wakamtaja hadharani miongoni mwa waigizaji wanaowatia hasara. Hepburn akajikomboa kutoka mkataba wake na kampuni ya RKO, akarudi kwenye tamthilia. Huko akang'ara katika *The Philadelphia Story*. Haki za filamu za mchezo huo zilikuwa mikononi mwake, zawadi ya tajiri Howard Hughes, naye Hepburn akaziuza kwa kampuni ya MGM kwa sharti kwamba mhusika mkuu awe yeye. Filamu ilipotoka mwaka 1940, watu walijaa kumtazama.

Filamu ya *The African Queen* ilimdai ujasiri wa namna nyingine. Mwongozaji John Huston alianza kupiga picha Kongo, kwenye mto Ruiki, karibu na Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu, ndipo akahamia Uganda. Hepburn aliigiza Rose, dada wa mmisionari, mwanamke asiyeolewa ambaye ujana umempita. Huston aliona kwamba uso wake ukitulia huonekana mchungu, akamshauri amwige Eleanor Roosevelt, aliyekuwa mke wa rais wa Marekani, alivyokuwa akiwatembelea askari waliojeruhiwa: daima na tabasamu. Hepburn alisema hakuwahi kupewa mwongozo bora kuliko huo. Tabasamu lile lilimpa Rose heshima bila kumpunguzia hata mwaka mmoja.

Hapa tunaona jinsi uigizaji wa sinema unavyofanya kazi. Kamera huchukua kipande kidogo tu cha ukweli, na kila kitu kilicho nje ya kipande hicho hakimfikii mtazamaji. Hepburn aliugua kuhara damu kwa sababu ya maji ya kunywa. Alipokuwa akipiga kinanda katika tukio la kanisani, ndoo ya kutapikia ilikuwa kando yake. Kwenye skrini tunamwona Rose akiimba kwa bidii, basi.

Mwigizaji mwenzake, Humphrey Bogart, alipata Oscar kwa filamu hiyo. Hepburn aliteuliwa tu. Lakini njia ilikuwa imefunguka. Kati ya Oscar zake nne, tatu alizipata baada ya kutimiza miaka 60, ya mwisho kwa *On Golden Pond*, akiwa na miaka 74. Alifariki mwaka 2003, akiwa na miaka 96.

Vijana wanaojifunza sinema Goma, Butembo na Beni wana mambo mawili ya kuchukua kwake: kusoma mkataba kwa makini kama wanavyosoma hadithi, na kuuacha uso uonyeshe miaka uliyoiishi.